Kujitafuta Katika Nyumba ya Kilio

Nilianza kujiuliza mimi ni nani ndani ya ghala la duka la vifaa vya ujenzi, pale Manika, mtaa wa Kolwezi, Kongo, mgongo wangu ukiwa umeegemea mifuko ya sementi. Nasema mapema kwamba hapakuwa na ubani, wala picha ya mungu mwenye mikono mingi, wala nyoka. Watu wa Kolwezi wakisikia neno Mhindi na neno kusali katika sentensi moja, nyoka wameshamwona. Palikuwa na sementi, misumari, panya, na Madame.

Madame alikuwa mke wa mwenye duka. Aliletwa kutoka India akiwa bibi harusi, na miaka aliyokwisha kukaa Kolwezi ilikuwa mingi kuliko umri wa wachimbaji waliokuja kununua kwetu kamba na taa za kichwani. Kiswahili alijifunzia kwenye kaunta, kwa hiyo alianza kwa kujua maneno ya kupunguza bei, mengine yakafuata. Mimi nilikuwa muuzaji wake. Nilipima kamba, nilihesabu bati, niligombana na wachimbaji waliotaka kukopa. Kugombana nilikuwa nakujua. Mume wangu alikuwa akisema kwamba wachimbaji wa Kolwezi wanaogopa vitu viwili, shimo kuporomoka na mke wake.

Mwaka ule nilikuwa mgonjwa wa mawazo. Huku kwetu mawazo ni ugonjwa kamili, mtu analazwa nayo. Nilikuwa nimepoteza mimba iliyokwisha kukua, mtoto ambaye angemfuata binti yetu, na tangu hapo usingizi ulinikimbia. Kazini nilikuwa nazozana na mteja, halafu katikati ya zogo machozi yananitoka, mteja anachukua misumari yake na kuondoka bila kudai chenji. Siku moja Madame alinishika mkono akanipeleka ghalani, akanikalisha.

"Mama, ile mawazo inakuya kwa nani?"

"Kwa nani tena, Madame? Inakuya kwangu."

"Na we njo nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu hata hivyo: mimi ni mke wa fulani, mama wa fulani, mtu wa Kasai niliyezaliwa hapa hapa Kolwezi kwa sababu babu yangu aliletwa kufanya kazi ya mgodi, Mkatoliki, muuzaji wako. Kila nilichotaja alikitikisia kichwa, kama mama anayechagua nyanya sokoni na kurudisha zilizooza.

"Ile yote ni bitu yako," akasema. "Mi nauliza mwenye bitu."

Kabla sijajibu akaniambia nisitafute jibu. Akanieleza kwamba mtu akilala usingizi mzito jina lake halipo, mume hayupo, hata mtoto aliyekufa hayupo, na bado asubuhi anaamka na kusema nililala vizuri. Nani aliyelala? Wazo likija, usipigane nalo wala usilifuate. Uliza limemjia nani. Limenijia mimi. Basi geuka umtazame huyo mimi, anatokea wapi. "Na usijibu na kinywa," alisema. "Jibu ikikuya, ile pia ni mawazo. Iache ipite." Babu yake ndiye aliyemfundisha. Ni njia ya zamani ya Wahindu wanaosema kwamba vitu si viwili, aliye ndani ya mtu na Mungu mwenyewe si wawili. Nilimwambia hapo mimi Mkatoliki siwezi kufika. Akacheka, akaniambia nishike swali tu, mengine nimwachie yeye.

"Sasa inaleta nini?" Mimi ni mtu wa biashara, sikuona aibu kuuliza.

"Hailete kitu. Inapunguza."

Nikaanza kukaa. Tulikuwa tunaishi Dilala, katika mojawapo ya nyumba za zamani za kampuni ya mgodi, nyumba za matofali zilizojaa nyufa kwa sababu ya baruti zinazolipuliwa kila mchana kwenye shimo kubwa. Asubuhi, maji yakishatoka bombani na madumu yakishajaa, nilitandika mkeka nyuma ya pazia la chumba na kukaa kabla ya kwenda kazini. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Mara nyingi nilikuwa nawaza sombe, majani ya muhogo ya kupika jioni, na karo ya shule. Lakini zilikuwapo asubuhi nilizouliza ni nani anayewaza sombe, na kwa muda mfupi hapakuwa na mtu wa kujibu, na palikuwa na utulivu ambao haukunihitaji. Nilikuwa nainuka nimepungua uzito. Usingizi ulirudi. Wachimbaji walianza kudai chenji yao tena.

Mume wangu alijua. Yeye alikuwa mchomeleaji katika karakana ya kampuni moja, mtu mnene, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche. Nikitoka nyuma ya pazia alikuwa ananiuliza, "Ushajipata?" Nikimwambia bado, anasema, "Ukijipata, umuambie alete sukari, yetu imeisha." Nilimpenda mtu yule. Naandika hivyo hivyo, wazi, kwa sababu baadaye wengi walisema vingine.

Alikuwa na tension, shinikizo la damu. Daktari alimwandikia vidonge vya kumeza kila siku, yeye akawa anavimeza siku kichwa kikimuuma tu, maana vidonge ni vya wagonjwa na yeye hakuwa mgonjwa. Nililalamika, nilifoka, nilimfichia chumvi. Asubuhi moja ya kiangazi alitoka uani kuosha pikipiki yake, na hapo ndipo alipoanguka, kati ya pikipiki na ndoo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikusikia kitu. Nimeulizwa jambo hilo mara nyingi kuliko jina langu na jibu langu halijabadilika: redio ya jirani ilikuwa inaimba, malori yalikuwa yanapita na mzigo wao, sikusikia kitu.

Aliyemkuta ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye alikuwa akikaa kwetu na kuuza vitenge soko la Manika. Alipiga kelele, akakimbilia ndani kuniita, akafungua pazia. Kaka yake amelala uani, na mkewe yuko kwenye mkeka, ameketi wima, macho yamefungwa, mikono mapajani, uso umetulia kabisa. Najaribu kuiona picha hiyo kwa macho yake. Hata mimi ningeogopa.

Hospitalini walisema mshipa umepasuka kichwani. Tension. Nesi aliuliza kama alikuwa anameza dawa. Lakini katika jamaa yetu tension ni njia tu kifo kilipopitia. Bado kuna swali la nani aliyekifungulia mlango.

Nyumba ya msiba huku kwetu tunaiita kilio, na jina hilo halina mzaha. Turubai linafungwa uani, wanaume wanakaa kwenye viti vya kukodi, wanawake wanakaa chini ndani, na kila mwanamke anayeingia analia kwa sauti akimwambia marehemu yeye ni nani kwake. Mimi dada yako niliyekubeba mgongoni. Mimi jirani uliyenitengenezea mlango. Mjane ndiye anayeongoza. Mjane analia mpaka sauti ikauke, na watu wanapima kilio chake, usidhani hawapimi. Mimi niliketi ukutani, shuka kichwani, na hakuna kilichotoka.

Watu wengine wangependa niseme kwamba ni ile hekima ya Madame iliyonishika. Si kweli. Machozi yaligoma tu, kama bomba la Dilala linavyogoma. Siku ya pili nilijaribu lile swali, kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine cha kushika: uchungu huu umemjia nani? Umenijia mimi. Mimi ni nani? Na kwa mara ya kwanza nililichukia. Lilionekana swali la mtu aliyeshiba. Mume wangu alikuwa kwenye jeneza mita chache kutoka hapo, na mimi natafuta mwenye uchungu kana kwamba amepotea sokoni. Nikaliacha. Nikafungua kinywa nilie, nimwambie mimi nilikuwa nani kwake, na maneno yalipofika kooni nilijiona nikiyachagua, mke, mama wa mtoto wako, na kuyarudisha moja moja. Kinywa kilibaki wazi bila sauti. Wifi yangu alikuwa ananitazama.

Tulimzika. Wiki iliyofuata jamaa waliniita kikao, sebuleni kwangu mwenyewe, mchana. Alikuja kaka mkubwa wa mume wangu, yaya kama tunavyosema, ambaye anaishi Dilolo, mpakani, na anafanya biashara ya kuvuka Angola. Alikuja baba yao mdogo, mchungaji wa kanisa la maombi, ambaye sote tunamwita tata, yaani baba. Wifi yangu alikaa kati yao. Upande wangu alikuja mjomba wangu, akachukua kiti karibu na mlango, akatazama viatu vyake mpaka mwisho. Binti yetu, aliyekuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, walimpeleka kwa jirani.

Kaka mkubwa si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyenunua jeneza, na alimlilia mdogo wake mpaka akashikwa asianguke kaburini. Alizungumza polepole.

"Mama, hatukukuya kukupiga. Tunakuya juu ya mutoto. Ile asubui ndugu yetu anaanguka, we ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimeikala, yaya."

"Macho ya kufunga?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasali?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Ningesema ndiyo, nilikuwa nasali rozari, na rozari ilikuwa imening'inia msumarini mbele yetu sote, na labda yangekwisha. Lakini mimi ni mtu wa kichwa kigumu, na niliona ukweli wangu ni mdogo mno kuweza kumdhuru mtu.

"Hapana. Nilikuwa najitafuta. Najiuliza miye ni nani."

Wakatazamana. Mchungaji akaegemea mbele.

"Na ulipata nani?"

"Hata mutu mumoja, tata. Ukitafuta sana, hauone mutu."

"Munasikia?" Aliwageukia wengine, na uso wake haukuwa na ushindi wowote, ulikuwa na hofu. "Mwenyewe njo anasema. Anaangalia ndani, hamuna mutu. Sasa kama yeye haiko mule, ni nani anaikala mule?"

Nakubali kwamba hoja ilisimama vizuri. Nilitaka kumweleza. Nikafungua maneno yangu kuhusu usingizi, kuhusu jina kutokuwapo, kuhusu utulivu usionihitaji, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikizama, maana kila neno lilikuwa ndilo hasa ambalo mchawi angelisema. Wifi yangu akauliza ni nani alinifundisha. Akajijibu mwenyewe: yule Muhindi ya duka. Huku kwetu kuna hadithi zilizokwisha zoeleka, za watu wanaokwenda kwa Wahindi kuchukua uganga wa utajiri, na malipo yake ni mtu wa nyumbani, mtu mnono anayependwa. Sikuwa na utajiri wowote wa kuonyesha. Nyufa za nyumba zilionekana. Lakini utajiri, walisema, ulikuwa njiani.

Lazima nieleze jambo la kwetu hapa, bila hilo mtu atawachukia bure. Sisi Waluba wa Kasai tuna mwiko unaomfunga mke, tunauita tshibawu. Mke akifanya jambo baya kwa siri, hasa la mwanamume mwingine, akalificha, siri hiyo inaua. Inaua mume, inaua watoto. Dawa ni moja tu, kusema. Mke akitoa siri mbele ya wakubwa, kuku mweupe anachinjwa, maji na udongo mweupe vinapakwa, mambo yamekwisha, hata kufukuzwa hafukuzwi. Asiposema, kifo kinabaki ndani ya nyumba kikingoja anayefuata. Na anayefuata katika nyumba yangu alikuwa ni mtoto mmoja. Sijui ni lini jamaa walianza kuingiza uganga wa Wahindi ndani ya mwiko huo. Walikuwa wameuingiza.

Walitoka nje kushauriana, wakarudi. Kaka mkubwa ndiye aliyesema.

"Mama, sema kile ulifanya, tukusafishe, ubaki na mutoto yako. Hakuna mutu atakugusa. Kama hauseme, miye narudia naye Dilolo. Siwezi kuacha damu ya mudogo yangu mu nyumba yenye iko kifo."

"Na kama hakuna kitu nilifanya?"

"Basi utasema nini?" aliuliza, na naapa aliuliza kwa huzuni. "Kesho nyuma ya misa tutakuya kusikia."

Dilolo ni mwisho wa nchi. Treni inakwenda inapojisikia, na barabara wakati wa mvua haiitwi barabara. Mtoto akienda Dilolo kwa jamaa, hasa akienda kwa ajili ya kuokolewa na mama yake, harudi. Atakua huko, atafundishwa kunitaja kwa kunong'ona. Nililijua hilo kama ninavyojua bei ya misumari.

Jioni ile nilimwogesha. Alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kuogeshwa lakini aliniachia. Nilikuwa nammwagia maji mgongoni, na swali lilikuja lenyewe, kwa mazoea. Sikuliita. Kama mimi si mke, si mama, si mwili huu, kama hivyo vyote ni vitu vyangu tu wala si mwenye vitu, basi ni nani atakayepoteza mtoto kesho? Niliuliza kwa dhati, pengine kuliko siku zote. Na jibu lilinipiga kabla sijamaliza. Matiti yangu yalijibu, tumbo lilijibu, viganja vyangu vilivyokuwa juu ya mabega yale membamba vilijibu. Mimi. Mimi ndiye. Madame alisema jibu likija nilipitishe kama wazo. Hili halikuwa wazo, na halikupita. Nilimfuta maji, nikampaka mafuta, nikajua nitasema.

Kesho yake walikuja na kuku. Nilikaa chini, mbele yao, miguu nimeinyoosha kama desturi inavyotaka.

"Nilimuuzisha," nikasema.

Wifi yangu alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Wakauliza niliuza kwa nani, kwa namna gani. Mimi ni muuzaji. Najua kumpa mtu kile alichokuja kukitafuta. Nikawapa macho ya kufunga, nikawapa jina la mume wangu likitajwa kinyumenyume, nikawapa utajiri ulioahidiwa ukifika mwezi ujao. Wakauliza nani alinipa uganga huo. Hapo tu nilikataa kuwapa walichotaka. Nikasema ni mpita njia, mtu wa kutoka Zambia, sijui alikokwenda. Hawakuamini, lakini waliliacha lipite, kwa kuwa la maana lilikuwa limekwisha kusemwa.

Na mambo yalibadilika kweli. Ndilo linalonisumbua. Sebule ile ililegea. Mchungaji alifumba macho akashukuru. Kaka mkubwa alipiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akanishika mikono miwili akilia.

"Aksanti, mama. Umeokoa mutoto. Aksanti."

Nami nililia. Machozi yaliyogoma kwenye kilio yalikuja pale, na sauti juu, nikimwita mume wangu kwa jina, nikimwambia mimi ni mke wako, mimi ni mke wako. Waliichukua kuwa ni toba.

Kisha kaka mkubwa akaita kwamba mtoto aje apakwe naye. Nilidhani yuko kwa jirani kama jana. Pazia la chumba likafunguliwa, binti yangu akatoka, ameshika kwa mikono miwili sahani ya udongo mweupe. Wifi yangu alikuwa amemweka pale tangu mwanzo ili sahani iwe karibu. Alitembea taratibu, asiumwage. Alikuwa amesikia yote. Akanipita mimi, mama yake, akampa sahani baba yake mkubwa.

Duka nilidumu nalo mwezi mmoja tu. Maneno yalikuwa yamefika Manika kabla yangu. Wateja waliingia wakitazama pembe za kuta, na asubuhi moja tulikuta mlango umepakwa kinyesi. Madame aliniita ghalani. Nilikuwa nimemweleza kila kitu, naye alikuwa amesikiliza bila kutikisa kichwa.

"Uliniacha inje ya maneno," alisema. "Aksanti, mama. Lakini bwana yangu anaogopa. Batakuya kuvunja. Usikuye tena."

Nilikasirika. Nilitaka anifundishe kitu, walau siku ile ya mwisho, kwa bei niliyokuwa nimelipa.

"Basi uniambie kwanza, Madame. Ile siku, ni nani alisema mi nilimuuzisha? Si hakuna mutu mule? Uniambie!"

Alikuwa amezeeka ghafla, mama yule, akiwa kati ya mifuko yake.

"Ile siyue," akasema. "Rudia kwa mutoto."

Nikarudi kwa mtoto. Sasa ninauza makaa mbele ya nyumba, Dilala, na baadhi ya jirani wananunua kwangu kwa kuwa ni karibu. Wifi yangu alihamia kwa rafiki. Kaka mkubwa anatuma samaki wakavu toka Dilolo, na salamu, na anauliza kama mtoto ana afya. Ana afya. Kila mara mtoto anapomaliza mwezi bila homa, huko Dilolo wanajua kwamba tulifanya vizuri kusema.

Sikai tena nyuma ya pazia. Sitaki binti yangu anione nimefumba macho, hata nikichoka nasinzia nje, mbele ya majirani. Swali linakuja lenyewe wakati nafua, wakati napima makaa, na wakati mwingine hata ule utulivu unakuja nalo, uleule, mpana, usionihitaji. Siufukuzi. Lakini siupendi kama zamani. Nimeona kwamba unaweza kukaa ndani ya nyumba yoyote, hata iliyoharibika, na hautengenezi kitu.

Nilimweleza binti yangu ukweli. Nilingoja siku ambayo alikuwa ametoka shuleni na furaha, nikamkalisha, nikamwambia sikumwuza baba yake, hakuna mtu anayeweza kuuza mtu kwa kufunga macho, baba yako alikuwa na tension. Nilidanganya wakubwa ili asipelekwe Dilolo. Nilidanganya kwa ajili yake. Alisikiliza vizuri, ni mtoto msikivu, darasani anasifiwa. Akafikiri.

"Mama, kama ulibadanganya beye bote, na tata muchungaji alikuwa anasali," alisema, "mi nitajua namuna gani saa hii haunidanganye?"

Nilimwambia tazama macho yangu. Alitazama. Kisha akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Hanikimbii. Ananisalimu, ananichotea maji, analala kitanda kimoja nami kwa kuwa hakuna kingine, upande wa ukutani, shuka limekunjwa kati yetu. Nikimgusa kichwa anaacha kiguswe. Jamaa wangempa ruhusa ya kwenda Dilolo kama angeomba, na haombi. Sijui kama anabaki kwa kunipenda au kwa kuniogopa, na nimeacha kumuuliza, kwa sababu jibu lolote atakalonipa atakuwa amelichagua.

Mezani ndipo mambo yanapoonekana. Napika bukari, ndiyo ugali wetu, napika mboga, naweka sahani katikati, maji ya kunawa pembeni. Yeye anakaa na mikono yake mapajani. Namega tonge, nachovya, nakula, nameza. Ananitazama kooni. Midomo yake inasogea kidogo, anahesabu kimoyomoyo, sijui mpaka ngapi. Akimaliza kuhesabu na mimi bado nimeketi, sijaanguka, ndipo ananawa mikono.